SOMO LA HESABU: MADUARA YOTE NI UMBO MOJA

(Maneno ya somo kama yalivyosomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima. Kiongozi wa darasa awe na kigingi, uzi, rula, na vyombo vitatu vya mviringo vya ukubwa mbalimbali.)

Redio haina ubao, na madarasa mengine yako chini ya mwembe. Basi leo ubao wetu utakuwa ardhi. Kiongozi wa darasa, tafadhali fagia mahali pa wazi, kiasi cha hatua nne kwa hatua nne, uweke tayari kigingi na uzi. Wakati anapofanya hivyo, mimi nitawapa ninyi wengine swali la biashara.

Yuko mama mmoja auzaye nyasi za kuezekea. Huzikata, huzilinganisha urefu, kisha huzifunga matita. Kamba yake, ikizunguka tita na kukazwa vizuri, ile sehemu inayozunguka ni mita 1 kamili. Tita moja huliuza shilingi 3,000. Siku moja akaja kijana mmoja na kamba yake mwenyewe mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mimi naezeka nyumba kubwa, na matita haya madogo yananichosha kuhesabu. Naomba unifungie kwa kamba yangu hii. Yako ni mita 1, yangu ni mita 2. Kamba imekuwa mara mbili, nami nitakulipa mara mbili: shilingi 6,000 kila tita."

Mama akaipima ile kamba, akaona kweli ni mara mbili ya yake. Akasema, "Haya, mwanangu, nitakufungia matita matano."

Je, bei hiyo ni ya haki? Msijibu upesi. Nimeliuliza swali hili katika madarasa mengi, na wengi hujibu kuwa ni ya haki, tena wenye vyeti huwa wa kwanza kujibu. Wachache, hasa wale waliokwisha kubeba nyasi kichwani, hunyamaza kwanza. Kila mmoja aandike jawabu lake katika daftari, "ni ya haki" au "si ya haki", kisha afunge daftari. Tutarudi kwa mama huyu baada ya kujua jambo moja juu ya duara.

Jambo lenyewe ni hili: maduara yote yanafanana umbo. Pete ya kidoleni, mdomo wa kisima, ungo, gurudumu la baiskeli, yote hayo ni umbo moja tu, dogo au kubwa.

Nisemapo "kufanana umbo", nina maana gani? Chukueni picha ndogo ya mtu, ile ya kitambulisho, na picha kubwa ya mtu yule yule iliyotundikwa ukutani. Kama uso umekuzwa mara kumi kwa upana na mara kumi kwa urefu, bado ni yeye. Lakini mpiga picha akikuza upana mara kumi na urefu mara tano tu, mtu huyo hata mama yake mzazi hatamtambua. Maumbo mawili yanafanana ikiwa kila kipimo cha moja kimezidishwa kwa hesabu ile ile ili kupata kipimo cha pili.

Sasa tazameni mashamba. Shamba moja lina urefu wa hatua 40 na upana wa hatua 20. La pili lina urefu wa hatua 40 na upana wa hatua 5. Yote mawili ni mistatili, yote yana pembe nne, lakini hayafanani umbo. Moja ni shamba la kawaida na jingine ni kama barabara. Mistatili inaweza kutofautiana hivyo kwa sababu ina vipimo viwili, nacho kimoja chaweza kuongezwa bila ya kingine. Hata mayai ni hivyo. Yako mayai marefu na mayai ya kibonge.

Duara je? Kiongozi, sasa ni kazi yako. Pigilia kigingi katikati ya ule uwanja. Funga uzi, uvute mpaka unyooke, na kwa kijiti kilicho mwisho wa uzi zunguka ukichora mstari ardhini. Usilegeze uzi.

(Kituo kidogo.)

Haya. Mahali pa kigingi ni kitovu cha duara. Urefu wa uzi, kutoka kitovu mpaka mstari, ni nusu kipenyo. Ukipita moja kwa moja kutoka upande mmoja wa duara mpaka wa pili kwa njia ya kitovu, huo ni upana wa duara, nao huitwa kipenyo. Na ule mstari wenyewe unaozunguka, urefu wake huitwa mzingo. Andikeni maneno hayo manne: kitovu, nusu kipenyo, kipenyo, mzingo.

Sasa mniambie, kiongozi alihitaji kujua vipimo vingapi ili kuchora duara lile? Kimoja tu, urefu wa uzi. Akirefusha uzi, duara zima hukua pamoja, mbele, nyuma na pande zote. Hakuna njia ya kulirefusha upande mmoja na kuliacha upande mwingine, kwani likifanywa hivyo si duara tena, ni yai. Ndiyo sababu maduara hayawezi kutofautiana kwa lolote ila ukubwa. Miraba nayo ni hivyo, maana mraba una kipimo kimoja, yaani ubavu wake. Kumbukeni mraba, tutauhitaji baadaye.

Basi kama maduara yote ni umbo moja, ukijua jambo moja la kulinganisha kipenyo na mzingo katika duara moja, umelijua kwa maduara yote ya ulimwenguni. Tutalitafuta hapo hapo ardhini, kwa uzi ule ule.

Kiongozi, fungua uzi kigingini lakini usibadilishe urefu wake. Weka alama popote katika mstari wa duara. Kutoka alama hiyo vuta uzi ukiwa umenyooka mpaka ncha yake iguse mstari mahali pengine; weka alama ya pili. Kutoka ya pili vuta tena, uweke ya tatu. Endelea hivyo kuzunguka. Wengine mhesabu kwa sauti.

(Kituo cha dakika mbili.)

Kama uzi haukulegea, mvuto wa sita umewarudisha pale pale mlipoanzia. Si kwa bahati. Kitovu na alama mbili jirani hufanya pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa, maana kila upande ni uzi ule ule, na pembetatu za namna hiyo sita hujaza mzunguko wote bila kubakiza nafasi. Watu wa darasa la jirani, waliochora duara kwa uzi mrefu zaidi, wamepata sita vilevile. Mtoto akichora kwa bikari katika daftari atapata sita.

Mmekwenda kwa njia zilizonyooka sita, kila moja nusu kipenyo. Nusu sita ni nzima tatu; kwa hiyo safari yenu yote ilikuwa vipenyo 3. Lakini mstari wa duara wenyewe hauendi kwa njia iliyonyooka; kati ya kila alama na alama hujipinda kwa nje kidogo. Njia iliyopinda ni ndefu kuliko iliyonyooka. Basi mzingo ni vipenyo 3 na kidogo. Na hicho "kidogo" ni kile kile kwa kila duara, kwa kuwa umbo ni lile lile.

Kidogo hicho ni kiasi gani? Mtu aliyelijibu swali hili vizuri zamani ni Archimedes, Mgiriki wa mji wa Syracuse katika kisiwa cha Sicily, aliyekufa mwaka 212 kabla ya kuzaliwa Kristo. Alianza kama mlivyoanza ninyi, kwa pande sita. Kisha akagawa kila upande kuwa mbili, akapata pande 12, tena 24, tena 48, mpaka 96, kila mara akiukaribia zaidi ule mstari uliopinda, mara kwa ndani na mara kwa nje. Mwisho akasema kwamba mzingo ni zaidi ya vipenyo 3 na sehemu 10 za 71, na ni pungufu ya vipenyo 3 na sehemu moja ya 7. Kwa kazi zetu za kila siku tutashika hicho cha pili, 3 na sehemu moja ya 7, ambacho huandikwa pia 22/7. Mafundi wengi hutumia 3.14, na hiyo nayo ni sawa. Siku hizi mashine zimehesabu tarakimu za hesabu hii kwa matrilioni, nayo haina mwisho. Lakini fundi wa kuezeka akiwa na mbili baada ya nukta zamtosha kabisa.

Sasa jaribuni kwa vyombo vyenu. Pimeni upana wa mdomo wa bilauri, kisha zungusheni uzi na kuupima. Ikiwa upana ni sentimita 7, uzi utakuwa karibu sentimita 22. Sinia lenye upana wa sentimita 42 litazungukwa na uzi wa karibu sentimita 132. Gurudumu lenye upana wa sentimita 70, pamoja na mpira wake, huenda karibu sentimita 220 kila likizunguka mara moja. Gawanyeni mzingo kwa upana katika kila chombo. Msitazamie jawabu lililo sawa kabisa, kwa maana uzi hunyooka ukivutwa na rula huteleza, lakini mkipata 3.1 au 3.2 mmefanya vema. Mkipata 4, pimeni upya.

Hayo yalikuwa ya mzingo. Kamba ya yule kijana ni mzingo wa tita lake, na kwa haya tuliyokwisha jifunza twaona kwamba kamba ikiwa mara mbili, upana wa tita nao huwa mara mbili. Tita dogo lina upana wa karibu sentimita 32. Tita kubwa lina upana wa karibu sentimita 64. Mpaka hapa kijana hakusema neno la uongo. Ila yeye hanunui kamba. Ananunua nyasi, na nyasi hazikai katika mzingo, hukaa ndani yake.

Basi tuulize, duara likipanuka mara mbili, nafasi iliyo ndani, yaani eneo lake, huwa mara ngapi?

Fikirini sahani ya duara imewekwa ndani ya sanduku la mraba, ikigusa kuta zote nne. Pembeni hubaki vipembe vinne vitupu. Sahani imechukua sehemu fulani ya sanduku. Sasa fikirini sahani kubwa katika sanduku lake kubwa, nayo ikigusa kuta zote nne. Imechukua sehemu gani? Sehemu ile ile! Kwa sababu sahani zote ni umbo moja na masanduku yote ya mraba ni umbo moja, picha ya pili ni ile ya kwanza iliyokuzwa tu. Kama sanduku kubwa lina ubavu mara mbili ya dogo, yaingia ndani yake masanduku madogo mangapi? Chora mraba ardhini, ukate kwa msalaba katikati, uhesabu. Ni manne. Basi ikiwa sanduku kubwa ni sawa na madogo manne, na kila sahani yachukua sehemu ile ile ya sanduku lake, sahani kubwa ina eneo la sahani ndogo nne.

Hapa wengine hubisha, na kubisha ni kuzuri. Husema, "Mwalimu, nimejaribu kuziweka sahani ndogo nne juu ya sahani kubwa, na zimetokeza nje." Ni kweli zitatokeza, kwa sababu ya umbo lake, vipande vinavyotokeza ndivyo vingejaza nafasi zilizobaki wazi. Akina mama wanaopika chapati wana njia safi zaidi ya kupima. Chukua madonge manne ya unga, kila moja la kutosha chapati ndogo. Yaunganishe yote manne kuwa donge moja, usukume kwa unene ule ule. Chapati utakayopata ni ya upana mara mbili tu. Anayeuza chapati pana mara mbili kwa bei mara mbili, ametoa nusu ya unga wake bure.

Sehemu ambayo duara huchukua katika sanduku lake la mraba ni karibu 11 katika kila 14. Jambo hili si geni katika bara letu la Afrika. Kiasi cha mwaka 1550 kabla ya Kristo, mwandishi mmoja wa Misri aitwaye Ahmes alinakili kitabu cha hesabu juu ya mafunjo, na sehemu kubwa ya kitabu hicho imehifadhiwa leo katika jumba la makumbusho la London. Ndani yake mna swali la shamba la duara lenye upana wa 9. Ahmes aeleza hivi: ondoa sehemu moja ya tisa ya upana, itabaki 8; zidisha 8 kwa 8, eneo ni 64. Sisi tukihesabu kwa njia yetu, 9 kwa 9 ni 81, tukichukua sehemu 11 za 14 twapata 63 na nusu na kidogo. Hesabu ya Ahmes haikukosea hata nusu moja katika 64! Tena angalieni, kanuni yake haikuwa ya shamba lile peke yake. Mwenye shamba la upana wa 18 angeondoa sehemu ya tisa vilevile, akapata 16 kwa 16, yaani 256. Na 256 ni 64 mara nne.

Sasa fungueni madaftari, turudi kwa mama muuza nyasi.

Nyasi zake ni za urefu mmoja, nazo zimekazwa sawasawa katika matita yote. Basi wingi wa nyasi hufuata eneo la duara lililo ndani ya kamba. Kamba ya mita 1 hufunga tita moja. Kamba ya mita 2 hufunga nyasi za matita manne. Tita moja ni shilingi 3,000. Manne ni shilingi 12,000. Kijana alitoa 6,000. Kwa kila tita kubwa mama amepoteza shilingi 6,000, na kwa matita matano amepoteza 30,000. Hizo ni siku nyingi za kuinama na mundu. Walioandika "si ya haki" wamepata. Na wale waliowahi kubeba, ndiyo maana walinyamaza: tita la kamba mara mbili haliwi zito mara mbili, huwa zito mara nne, na shingo hulijua jambo hilo kabla ya daftari.

Sisemi kijana alikuwa mwizi. Huenda naye alidhani amesema haki. Lakini biashara ikifanywa na watu wawili wasiojua hesabu, mmoja wao huumia hata bila mwizi kuwapo.

Angefanya nini mama? Kama kijana ataka tita la thamani ya matita mawili, kamba isiwe ya mita 2, iwe ya mita 1 na sentimita 41. Zidisheni 1.41 kwa 1.41, mtaona mmekaribia sana 2. Akitaka thamani ya matita matatu, kamba iwe mita 1 na sentimita 73. Kwa thamani ya matita manne, hapo ndipo kamba yafika mita 2. Na mtu akija na kamba ya mita 3, mama asimpe kwa chini ya shilingi 27,000, kwa sababu 3 mara 3 ni 9. Kanuni ni fupi: kamba imekuwa mara ngapi, zidisha hesabu hiyo kwa yenyewe. Mwenye shaka afungue matita madogo manne, ayafunge upya pamoja kwa kamba moja, apime.

Mnunuzi naye ajihadhari kwa upande wake. Haya yote ni ya tita la duara. Tita likibonyezwa likawa pana na jembamba kama mkeka uliokunjwa, kamba ni ile ile ya mita 1 lakini nyasi zimepungua. Katika maumbo yote yanayoweza kuzungukwa na kamba ya urefu mmoja, duara ndilo lenye nafasi kubwa kuliko yote. Basi unaponunua kuni, mkaa uliofungwa au mboga za mafungu, usitazame kamba tu, tazama na umbo.

Muda wetu unakwisha. Haya ndiyo maswali ya wiki hii. Yajadiliwe kwa vikundi, kisha kila mtu aandike mwenyewe.

La kwanza. Mama yetu ataka kuuza tita la shilingi 1,500, yaani nusu tita. Je, akate kamba yake ya mita 1 katikati? Kama sivyo, kamba iwe na urefu gani kwa kukadiria?

La pili. Kijiji kina tangi la maji la mviringo, la matofali, lenye upana wa mita 2. Fundi anaombwa kujenga jingine la upana wa mita 4, kina kile kile, na unene wa ukuta ule ule. Matofali ya ukuta yatakuwa karibu mara ngapi? Saruji ya sakafu mara ngapi? Maji mara ngapi? Angalieni sana, si majibu yote ya sehemu hizo tatu yanayofanana, na kamati nyingi hugombana na mafundi bure kwa sababu ya swali hili.

La tatu. Baiskeli ya mtoto ina magurudumu ya upana wa sentimita 35, ya baba yake sentimita 70. Wakienda pamoja kilomita 1, gurudumu la kila mmoja litazunguka kiasi cha mara ngapi?

Majibu yatasomwa mwanzo wa somo lijalo, ambalo litakuwa juu ya mapipa na debe. Kiongozi wa darasa, usiing'oe kigingi. Wako waliochelewa ambao watataka kuona mivuto sita kwa macho yao. Kwaherini.